Kitabu au Daftari

Katika mwaka wa 2017, afisa mmoja wa forodha, kijana mpole aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, aliniambia kwamba nilichokitunga hakikuwa kitabu. Alikuwa amekishika mkononi. Alikigeuza, akakifungua kutoka nyuma, akazipitisha kurasa kwa kidole gumba kama mtu anayehesabu noti, kisha akasema: "Mzee wangu, hili ni daftari. Na madaftari yana ushuru wake."

Nimetunga na kufasiri mashairi kwa zaidi ya miaka thalathini, na katika muda huo nimeambiwa mengi juu ya kazi zangu. Nimeambiwa kwamba vina vimepwaya, kwamba mizani imekwenda upande, kwamba Kiarabu changu ni cha kuokota barazani. Hilo la mwisho ni kweli, kwani sikukipata darasani. Lakini hili la siku ile lilikuwa geni kwangu.

Mzigo wenyewe ulikuwa maboksi kumi, kila boksi nakala 40. Ilikuwa tafsiri yangu ya mashairi ya kale ya Kiarabu, matini ya asili upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kurasa 96 kwa jumla. Baada ya hizo zilifuata kurasa 32 tupu zenye mistari. Niliziweka kwa makusudi. Vijana ninaosoma nao mashairi kila Alhamisi, wakishasoma shairi hutaka kulijibu, na aghalabu hawana pahala pa kuandika isipokuwa viganja vya mikono yao. Kazi ya kuchapa niliipeleka India kwa sababu bei ilikuwa nafuu, na thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima ilifika shilingi 2,400,000. Kama ni vitabu, ushuru wa forodha ni sifuri. Kama ni madaftari, ushuru ulikuwa asilimia 25, yaani shilingi 600,000, bila kuhesabu kodi nyengine zinazopandia juu yake. Swali la kitabu ni nini, ambalo sisi watu wa baraza hulijadili bure kwa kahawa na kashata, siku hiyo lilikuwa na bei yake.

Wakala wangu wa kutoa mizigo alinivuta kando. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo haya hayana haja ya kurefushwa, kuna namna ya kumalizana. Simlaumu. Yeye hula kwa idadi ya mizigo inayotoka, na mzigo unaobishaniwa hautoki. Lakini neno lile, kumalizana, lilinirudisha miaka mitatu nyuma, kwenye jambo ambalo sikuwa nimelisimulia kwa mtu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa akifanya biashara ya vitambaa vya mapazia. Alikuwa akienda Dubai mara mbili kwa mwaka na kurudi na marobota, na hakuna harusi mtaani petu iliyopambwa bila ya mkono wake. Mwaka 2014 mzigo wake ulizuiwa katika bandari moja ya mwambao wetu. Kwake hapakuwa na ugomvi juu ya jina la kitu, kwa kuwa pazia ni pazia. Ugomvi ulikuwa juu ya bei. Alionesha ankara aliyoandikiwa na mwenye duka wa Deira, naye afisa akasema bei ile haiaminiki, akaandika nyengine iliyokaribia kuwa mara mbili yake, na ushuru ukakokotolewa juu ya hiyo.

Usiku alikuja kwangu na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. "Kaka," akasema, "wewe ni mtu wa kusoma. Nifanye nini?"

Karatasi zilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ninakimudu, kwani ndicho kinachonilisha. Lakini sikuzisoma. Nilizipindua mbili tatu, nikamrejeshea. Nikamwambia: "Lipa tu, dada yangu. Mwenye kushindana na serikali huchoka yeye, serikali haichoki."

Alilipa kwa fedha za kukopa. Alipouza, bei ya sokoni haikurudisha alichotoa. Safari iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata hiyo. Alianza kupika maandazi ya kuuza alfajiri, na kila asubuhi nilipokuwa nikinunua nilitazama chini.

Basi nilimwambia wakala asubiri. Nikarudi kwa yule kijana nikamuuliza kama naweza kupata uamuzi wake kwa maandishi. Alinitazama kidogo, akasema: "Ukiomba, utapata." Nikaomba, nikapata. Ilikuwa karatasi moja yenye mistari sita na mhuri, na kwa karatasi hiyo nilikwenda nyumbani nikaanza kusoma sheria nikiwa na umri ambao wengine huanza kusahau waliyoyasoma.

Msomaji aniwie radhi nikiieleza sheria hiyo kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kosa langu. Forodha katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huendeshwa kwa sheria moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, iliyoanza kazi pamoja na Umoja wa Forodha mwezi wa Januari 2005. Kifungu cha 229 kinasema kwamba mtu aliyeguswa moja kwa moja na uamuzi wa Kamishna au wa afisa yeyote wa forodha anaweza, ndani ya siku 30, kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Huomba kwa maandishi na kutaja sababu zake. Aliyechelewa kwa maradhi, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyengine ya maana, anaweza bado kusikilizwa. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, kwa maandishi na kwa sababu. Na hapa ndipo nilipovua miwani nikaifuta, nikasoma tena: siku hizo zikipita bila ya jibu, huhesabiwa kwamba Kamishna ameyakubali maombi. Sisi tuliozoea kwamba kimya cha ofisi maana yake ni kukataliwa, tuna sheria inayosema kinyume chake.

Haikuishia hapo. Wakati shauri likiendelea, mwenye mali anaweza kuomba aachiwe mzigo wake kwa kulipa ushuru uliokadiriwa au kwa kuweka dhamana ya kutosha. Asiporidhika na jibu, kifungu cha 230 kinampa siku 45 za kukata rufani kwenye chombo cha rufani za kodi kilicho nje ya idara ya forodha. Tanzania ina Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi, vilivyoundwa kwa sheria ya mwaka 2000, na kutoka hapo hoja za kisheria huweza kupanda hadi Mahakama ya Rufani. Ni ngazi yenye vipago vilivyohesabiwa, na kila kipago kina tarehe yake.

Kisha nikafika kifungu cha 122 na jaduweli lake, mahali panapoeleza namna ya kukadiria thamani, nami nikamkumbuka jirani yangu. Kanuni hizi zimetokana na mkataba wa Shirika la Biashara la Dunia, na mpango wake ni wa madaraja. Kwanza kabisa hutazamwa bei iliyolipwa hasa na mnunuzi. Ikishindikana kuitumia bei hiyo, ndipo hutazamwa bei ya bidhaa zilizo sawasawa na hiyo, kisha bei ya bidhaa zinazofanana nayo, kisha hesabu za namna nyengine kwa mfuatano, na makisio ya busara huja mwisho kabisa. Afisa ana haki ya kuitilia shaka ankara, na kweli ankara za uongo zipo tele. Lakini mwenye mzigo naye ana haki, akiomba kwa maandishi, ya kuelezwa kwa maandishi namna thamani ya mzigo wake ilivyofikiwa. Jirani yangu hakuomba, kwa kuwa hakujua. Mimi niliyeweza kujua kwa usiku mmoja wa kusoma, nilimwambia alipe.

Shauri langu lilikuwa la upande wa pili, upande wa majina. Ushuru wa dunia karibu yote hukusanywa kwa orodha moja kubwa ya vitu, iliyotungwa na Shirika la Forodha la Dunia na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Ndani yake kila kitu kinachoweza kupakiwa jahazini kina sura yake na namba yake, tangu punda hai hadi michoro ya wasanii. Vitabu vilivyochapwa vimo katika sura ya 49, madaftari yamo katika sura ya 48 pamoja na karatasi. Orodha hiyo hufuatana na kanuni sita, na kanuni hizo huitwa kanuni za tafsiri. Nilicheka peke yangu nilipoliona jina hilo. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote bila ya cheti, kumbe forodha nayo huifanya, na huifanya kwa ushuru.

Nilijifunza pia kwamba mimi si wa kwanza kugombana na bandari juu ya jina la kitu. Katika New York mfanyabiashara John Nix alimshitaki mkusanya ushuru wa bandari, Edward Hedden, kwa sababu ya tungule. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1883 ilitoza mboga asilimia 10, na matunda mabichi haikuyatoza. Nix alisema tungule ni tunda, na mtaalamu yeyote wa mimea angemuunga mkono. Kamusi zilisomwa mahakamani. Mwaka 1893 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kwa mimea tungule ni tunda, lakini kwa lugha ya watu wa sokoni na mezani ni mboga, kwa kuwa huliwa pamoja na chakula, hailiwi baada ya chakula. Miaka 110 baadaye, mwaka 2003, mahakama ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo hiyo ilikaa kuamua kama vinyago vya mashujaa wa hadithi za katuni ni wanasesere, wenye ushuru wa asilimia 12, au ni vitu vya kuchezea tu, vyenye asilimia 6.8. Mwanasesere ilibidi awe na sura ya binadamu. Mahakama ilivichunguza vinyago, ikaona makucha na mabawa, ikasema hao si binadamu. Mwenye mali akashinda.

Mtu anaweza kuzicheka kesi hizi. Mimi sikuzicheka, kwa sababu niliona ndani yake heshima fulani. Watu wazima walikaa, wakavaa majoho yao, wakasikiliza, wakamwambia mfanyabiashara kwa maandishi kwa nini kitu chake kimeitwa hivi na si vile. Nix alishindwa, lakini alishindwa kwa sababu zilizotajwa, na sababu zilizotajwa zinaweza kusomwa na mwengine aje na hoja bora zaidi.

Hapa kwetu haikuwa hivyo kila wakati. Tunaipita Forodhani kila jioni, tunakula mishikaki, na hatulisikii tena neno lililomo ndani ya jina lake. Ushuru nao ni neno la Kiarabu lenye asili yake katika kumi, fungu la kumi la mali. Mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833 uliuweka ushuru wa bidhaa zao katika asilimia 5. Lakini nani aliyekuwa akikadiria mali? Katika miaka ile forodha ya Unguja ilikodishwa. Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyeishika kwa miaka mingi kabla ya kufa kwa Seyyid Said, alimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Nahodha aliyeona ameonewa katika hesabu alimlalamikia mtu ambaye faida yake ilitokana na hesabu ile ile. Jengo la forodha ya zamani lingalipo pale Mizingani, na kwa miaka mingi vijana wamejifunza muziki ndani yake, udi na fidla na kanuni. Sijui jengo jengine ambalo neno kanuni limetumika ndani yake kwa maana mbili zilizo mbali hivyo.

Kwa hiyo nilipoandika barua yangu ya maombi, nilijua ninatumia kitu ambacho wazee wetu hawakuwa nacho. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, ya pili ilikuwa ya kishairi, na zote mbili nilizichana. Nilitaka kumueleza Kamishna shairi ni nini, kumbe hakuna aliyeniuliza hilo. Swali la sheria lilikuwa dogo na gumu zaidi. Katika sura ya 48 kuna maelezo yanayosema kwamba karatasi zilizochapwa maandishi au picha huhamia sura ya 49, ikiwa maandishi hayo si jambo la ziada tu kwa matumizi makuu ya kitu chenyewe. Yaani ulizwa hivi: je, maandishi yanaitumikia karatasi, au karatasi inayatumikia maandishi? Daftari lenye methali juu ya kila ukurasa ni daftari, kwa kuwa hakuna anayelinunua kwa ajili ya methali. Kitabu cha skuli chenye maswali na nafasi za kujazwa kwa mkono ni kitabu, na maelezo ya orodha ya dunia yenyewe yanavitambua vitabu vya namna hiyo. Nikaandika kwamba kurasa 96 kati ya 128 zimechapwa mashairi. Nikaandika kwamba mtu asiyetaka kusoma mashairi hayo hana sababu ya kununua kitabu kile, kwa sababu kwa bei yake angepata madaftari manne. Nikaambatanisha nakala mbili na ile karatasi ya mistari sita. Nikaomba niachiwe mzigo kwa dhamana ya shilingi 600,000, nazo nilizipata kwa kukusanya karama ya tafsiri mbili na kuuza baiskeli.

Jibu lilikuja siku ya 27. Lilikuwa na aya tatu, lugha yake kavu na safi. Lilisema kwamba maandishi ndiyo yanayokipa kitu kile sifa yake kuu, na kurasa tupu ni za nyongeza, kwa hiyo bidhaa ni vitabu na dhamana irejeshwe. Nimepata sifa za wahakiki mara chache katika maisha yangu, na hakuna niliyoihifadhi kama barua ile.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba nilitoka na ushindi mtupu. Dhamana ilirejea baada ya miezi minne. Gharama ya ghala kwa siku ambazo mzigo ulilala kabla ya kuachiwa, shilingi 210,000, haikurejea, kwa kuwa haikuwa ushuru. Na hapo ndipo palipo na udhaifu wa haki hii nzuri. Siku 30 ni chache kwa ofisi, lakini ni nyingi kwa mtu ambaye mtaji wake wote umo ndani ya robota lililozuiwa. Mwenye kontena hamsini huweka dhamana akaendelea na biashara, na ana mwanasheria wa kuzihesabu siku kwa niaba yake. Mwenye marobota matatu hulala akiisikia gharama ya ghala ikipanda kama maji ya bamvua. Ndiyo maana wengi humalizana, na kila anayemalizana humfundisha afisa kwamba karatasi haina haja.

Udhaifu wa pili ni wa lugha, na huu unanihusu zaidi. Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini sheria ya forodha ni ya Jumuiya, na iliandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilivuka bahari kutafuta mashairi ya watu waliokufa zamani ili niyalete mtaani kwetu, ilhali karatasi iliyokuwa na riziki ya jirani yangu ililetwa mlangoni kwangu ndani ya mfuko wa plastiki, nami sikuifasiri.

Basi baada ya barua ile nilikaa siku tatu nikavifasiri vifungu vya 229 na 230, pamoja na ile haki ya kuelezwa thamani iliyomo katika cha 122. Vyote viliingia katika karatasi moja, mbele na nyuma. Sijapata kufasiri jambo kwa hofu kama hiyo. Neno la shairi likipwaya, msomaji hunung'unika. Neno la sheria likipwaya, mtu hupoteza siku zake 30. Nilimpelekea jirani yangu, nikaketi kando ya jiko lake nikamsomea, yeye akipindua maandazi. Nilipomaliza nikamwambia kwamba mwaka ule nilimshauri vibaya, na kwamba sikuwa nimezisoma karatasi zake.

Alinyamaza mpaka maandazi yakaiva upande wa pili. Kisha akasema: "Nilijua hukuzisoma, kaka. Ulizirejesha upesi mno." Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya bati la unga.

Nilimpa na nakala moja ya kitabu, kwa kuwa sikuwa na kitu chengine cha kumpa. Mwaka 2019 alikwenda tena Dubai, yeye na wanawake wawili, mzigo mdogo wa kujaribu. Aliporejea aliniita nimsaidie kujumlisha. Alileta kitabu changu, akakifungua kutoka nyuma, kama alivyokifungua yule afisa. Kwenye kurasa zile 32 alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mkono mzuri: tarehe, jina la duka, yadi, bei ya kila yadi, namba ya ankara, nauli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye hakutaka ipotee mara ya pili.

Nilimuuliza kama ameyasoma mashairi. Akaniambia bado, kwanza tujumlishe.